Foleni ya Wasio na Jina

Bi Zaituni amefariki huko Pemba ya Msumbiji, na habari imenifikia mimi hapa Mtwara siku ya nne, watu wameshaanua matanga. Mjukuu wake aliniomba radhi kwenye simu. Alikuwa na namba yangu ya zamani, ile ya upande wa Msumbiji, akawa anapiga asubuhi na jioni na kila akipiga anaambiwa haipatikani, mpaka alipokutana na mtu wa Quiterajo anayenijua. Nikamwambia usijali, mwanangu, imefika. Kisha nikafunga kibanda changu cha kutengeneza simu, mchana kweupe, wateja wakinitazama, nikaketi ndani nikalia kwa sauti. Mimi si mtu wa kulia. Wanaonijua watakuambia nina mdomo mkali na moyo mgumu, na nusu ya hayo ni kweli. Lakini kuna jambo nilimfanyia yule mama mwaka ule wa gesi, na namna lilivyoisha, mpaka leo nikilikumbuka mwili unanisisimka. Nilizaliwa na nani na nililelewa wapi, hayo waulizeni wengine. Mimi nitasema mwaka mmoja tu, nilipokuwa na miaka ishirini na mitatu na kazi yangu ya kwanza, Palma.

Ofisi yetu ilikuwa nyumba ya kupanga, ya mfanyabiashara mmoja aliyehamia Mocímboa. Sebule waliigeuza chumba cha mikutano, vyumba vya kulala vikawa vya wahasibu na madereva, na stoo ya nyuma, iliyokuwa ikiwekwa mbata, wakaipa mashine. Walipaka rangi nyeupe mara mbili, wakaweka kiyoyozi, wakaziba dirisha kwa matofali, lakini harufu ya nazi kavu haikutoka. Ukiingia kutoka kwenye jua la Palma unapigwa na baridi na mafuta ya nazi kwa pamoja, na kwa muda huoni kitu ila vitaa vya kijani. Ukuta mmoja tu ndio uliotutenga na jiko, na ukuta wenyewe ulikuwa mwembamba, hivyo nilikuwa nikisikia kila kitu: mbuzi inavyokuna nazi, sufuria zinavyogongana, Bi Zaituni akiongea na makaa yake yasipowaka. Ndiye aliyekuwa mpishi wetu, mwanamke wa makamo, mwembamba, mwenye kusema kidogo na kusikia kingi. Asubuhi alitupa matabicho ya kufungulia kinywa, mihogo na chai, mchana wali na pweza wa nazi, na ukoko wa chini ya sufuria aliuweka kwenye kibakuli pembeni akaufunika, kwa sababu alijua ninaupenda. Hakuna mtu mwingine ofisini aliyewekewa kitu.

Kazi yangu ilikuwa kulinda foleni. Nieleze, maana hata mama yangu alidhani napanga watu mstari. Vijana walikuwa wakizunguka vijijini na vifaa vya mkononi, wanaandikisha nyumba, minazi, visima, kila kilichomo kwenye ardhi ambayo kampuni ilikuwa inaitaka kwa ajili ya gesi. Kila walichoandika kiligeuka ujumbe, ukaja kwenye mashine yetu, na mashine ikaupanga kwenye foleni kwenda makao makuu, mbali huko kusini. Kule kulikuwa na programu inayopokea. Ikisema nimepokea, sisi kwetu ujumbe unafutika. Isiposema, ujumbe unabaki palepale mbele ya foleni na unapelekwa tena, na tena. Mtu aliyenifundisha haya ni Senhor Abílio, fundi kutoka Quelimane, mnene, mpole, mwenye kuvaa sweta humo chumbani na kutoka jasho nje. Alinambia kwa Kireno chake cha taratibu kwamba ujumbe ni amana: uliyekabidhiwa huruhusiwi kuupoteza, wala kuufungua kwa umbea, wala kusema umefika kama haujafika. Nilicheka. Nikamwambia kwetu hata salamu ni hivyo hivyo, ukipewa salamu za mtu ukazikalia unaulizwa siku ya kiama. Akasema basi kazi hii uliijua kabla ya kuja.

Miezi ya kwanza haikuwa na shida. Halafu wakaanza kuandikisha makaburi. Kijiji cha Msangani, ng'ambo ya ghuba ya Tungue, kilikuwa ndani ya ile ardhi, na watu walikuwa wameambiwa watahamishwa, na wafu wao watahamishwa kwa heshima na kuzikwa upya kijiji kipya. Lakini kwa orodha. Bwana mmoja wa makao makuu alikuja akasimama sebuleni kwetu akasema kaburi lisilo kwenye orodha, kwa kazi hii, si kaburi, ni ardhi, na ardhi itasawazishwa na tingatinga. Alisema hivyo akila wali wa Bi Zaituni. Yeye mama alikuwa amesimama mlangoni na jagi la maji, na nilimwona akiweka jagi chini polepole kama linalomwagika. Aliyepewa kazi ya makaburi alikuwa Dade, kijana wa Mocímboa, mwenye adabu na haraka nyingi, na alikuwa ameshaanza tangu juzi yake.

Siku ileile Bi Zaituni aliniita jikoni. Alikuwa anachambua mchele, hakuinua macho. Aliniambia yeye ni mtu wa Msangani, kaolewa kule, na kule ana kaburi. Mtoto wake wa kwanza, aliyekaa siku nne. Kwetu mtoto hapewi jina mpaka siku ya saba, anaponyolewa nywele. Akiondoka kabla ya hapo anaoshwa, anavikwa sanda, anazikwa, watu wanarudi nyumbani, na mama anaambiwa asimlilie sana. Mashehe wanasema hata huyo ni vizuri kupewa jina, lakini wazee wa Msangani hawakuwa na mazoea hayo. Nilimuuliza, basi mlikuwa mnamwitaje? Akasema hawakumwita. Kaburi lake lina kipande cha bakuli la buluu kichwani, alilichomeka mwenyewe, na miaka yote akienda kuchimba mihogo anapita pale na kulisafisha. Alitaka kujua kwangu jambo moja tu, kama Dade amelifikia na kuliandika. Nilikwenda kwenye mashine nikatazama rekodi za Dade kwenye foleni. Nikaikuta: kilima kidogo cha mchanga, mchana wa jua kali, hakuna kivuli chochote ila cha Dade mwenyewe, na kwenye sehemu ya maelezo ameandika, bakuli la buluu. Nikarudi jikoni, nikamwambia ipo, inakwenda.

"Itafika?" akaniuliza.

"Itafika, mama. Mimi nipo."

Hayo ndiyo maneno niliyosema, kwa mdomo wangu huu.

Keshoye foleni ikasimama. Si kwamba mawasiliano yalikatika. Mawasiliano yalikuwa mazima. Ujumbe wa kwanza mstarini ulikuwa unatoka, unafika kusini, na mpokeaji anaushika, anakufa. Programu nzima inazimika. Inajiwasha yenyewe, inaomba ujumbe wa kwanza, inaletewa uleule, inakufa tena. Kila robo saa. Na nyuma yake kukawa kumejipanga vitu vyote vya ofisi, maana vyote vilipita mlango mmoja: mishahara, maji ya kambi, ndege ya wagonjwa, mafuta ya magari. Kufika adhuhuri palikuwa na jumbe mia nne zimesimama. Madereva walinijia juu. Wahasibu walinijia juu. Mimi nikawajibu kwa lugha ambayo sitaiandika hapa. Abílio alikuwa Pemba, ana homa, na kila kitabu kilisema angalia hiki, angalia kile: diski imejaa? haijajaa, ruhusa ipo? ipo, jina la foleni ya upande wa pili limekosewa? halijakosewa. Nikafanya wafanyavyo wajinga wote, nikazima mashine nikawasha, nikaamuru zote ziende upya. Ikawa vilevile.

Modemu yetu ya setilaiti ilikuwa kuukuu, na kila ilipofungua njia ndani yake kulikuwa na kitu kinagonga mara tatu, ko, ko, ko. Nilikuwa nimeshaizoea hata siisikii. Sasa, kwa kuwa hakuna kingine kilichokuwa kinakwenda, ikawa ndiyo sauti pekee chumbani. Kila robo saa, ko, ko, ko, kimya. Na nikagundua kwamba kila ikigonga, upande wa pili wa ukuta mbuzi ya nazi inanyamaza. Inagonga, Bi Zaituni anaacha kukuna. Inatulia, anaendelea. Siku ya pili yake aliniletea chakula mlangoni, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akasimama kizingitini bila kuingia. Alikuwa akitazama mashine, si mimi.

"Kuna mtu anabisha hodi kwenu," akasema. "Hamfungui?"

Nilimwambia ni modemu, mama, ni chuma tu. Akasema sawa. Alipoondoka nikajikuta siwezi kula, na ule wali ulipoa mbele yangu, na mimi kukataa chakula cha yule mama ilikuwa haijatokea.

Abílio alirudi siku ya tatu, amekonda uso, amevaa sweta hata nje. Hakuketi. Aliuliza swali moja: ujumbe wa kwanza umeusoma? Nikasema nimeupeleka mara mia na kitu. Akasema sikukuuliza hivyo. Ikabidi nikiri kwamba sikuusoma. Alinifundisha siku ile jambo ambalo mpaka leo ndilo ninalowafundisha vijana kibandani kwangu: kitu kikirudi usikirushe tena, kisome, uliza kwa nini kimerudi. Kwanza akafupisha ile robo saa iwe dakika mbili, kisha akaweka kikomo. Ujumbe ukijaribiwa mara tano ukakataliwa, utolewe mstarini uwekwe pembeni, kwenye foleni nyingine, ili walio nyuma wapite. Ile foleni ya pembeni kwa Kireno waliiita ya wafu. Sikupenda. Abílio naye, mtu wa kanisani, nilimwona akijigusa kifuani alipokuwa anaiandika.

Tulikaa tukatazama. Ujumbe wa kwanza ukajaribiwa mara tano ukaanguka pembeni. Mishahara ikapita, maji yakapita. Kisha kitu kingine kikakwama, mara tano, kikaanguka. Na kingine. Hadi alasiri zote zilizosimama zilikuwa zimekwenda na huko pembeni zimebaki kumi na moja. Abílio akazifungua moja moja. Zote za Dade. Zote za Msangani. Zote picha ya kilima kidogo, kisichozidi mkono wangu kwa urefu, na zote sehemu ya jina iko tupu. Mzee mchimba makaburi ndiye aliyemwonyesha Dade, naye hakujua ya nani ni ya nani; alijua tu kwamba hapa pana mtoto, na hapa, na hapa. Programu ya kusini iliandikwa na mtu ambaye hakuwahi kufikiri kwamba mtu anaweza kufa bila jina. Ikikuta patupu inakufa nayo. Ya kwanza kabisa, ile iliyoziba njia ya ofisi nzima siku tatu, ilikuwa yenye bakuli la buluu.

Sikumwambia Bi Zaituni. Nilidhani tutaimaliza kimyakimya. Abílio akapiga simu kusini kuomba warekebishe programu. Wakamwambia itachukua mwezi, na orodha inafungwa Ijumaa saa sita mchana, atafute namna. Akaniambia jaza neno lolote pale palipo patupu, kisha waandikie kusini barua ya kueleza. Homa ikamrudia usiku ule, wakampeleka Pemba asubuhi ya Alhamisi, nikabaki peke yangu. Nikaandika Kichanga kwenye zote kumi na moja nikazipeleka. Moja ikapokewa, mojawapo ya zile nyingine, na kumi zikarudi na sababu mpya: huyu ameshaandikishwa. Mpokeaji aliona jina moja na kijiji kimoja, akasema ni mtu mmoja. Nikawaomba kusini waifute hata ile iliyopita wanirudishie, ili zote ziwe sawa.

Ijumaa saa nne asubuhi. Leo hii ningeandika moja, mbili, tatu, au ningeandika Mwana wa Zaituni, nikaenda zangu kunywa chai. Wakati ule nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, na nilikuwa nimezitazama zile picha siku nzima, na huruma ikinishika mimi hunishika vibaya. Niliona si haki mtu kupewa namba. Nikasema nitawapa majina, majina ya kweli, mazuri. Na kichwani hayakunijia majina ya vitabuni, yalinijia ya wasichana niliolala nao bweni moja Mocímboa, kitanda kwa kitanda, tangu mlangoni hadi dirishani: Rehema, Zubeda, Anifa, Muaziza, wote kumi. Nikaandika kila jina, nikabonyeza, ko, ko, ko, likapokewa. Ikabaki moja, yenye bakuli. Bwenini kitanda cha kumi na moja kilikuwa changu. Nikaandika Sakina, nikabonyeza. Likapokewa mara moja, na foleni ya pembeni ikawa sifuri. Kule jikoni mbuzi ya nazi ilikuwa imenyamaza na iliendelea kunyamaza.

Furaha ilidumu kama saa moja. Nilipokuwa natawadha ndipo akili iliponirudia. Nilikuwa nimewaandika wasichana kumi walio hai, na mimi mwenyewe wa kumi na moja, kwenye orodha ya makaburi, kwa mkono wangu, siku ya Ijumaa. Kwetu mtu hata ndotoni akimwona aliye hai amezikwa anatoa sadaka asubuhi. Na juu ya uchuro huo kulikuwa na utovu wa adabu mkubwa zaidi: nimempa jina mtoto wa watu. Jina wanatoa wazee wa pande mbili, wanakaa, wanashauriana, wanamtaja fulani awe somo. Mimi ni nani? Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole. Niliinuka asubuhi ya Jumamosi nikiwa nimekata shauri kumweleza Bi Zaituni, nikafika jikoni, akaniwekea ukoko, nikala, nikatoka. Jumapili vivyo hivyo. Siku zikawa wiki mbili, na ile barua ya kusini nayo sikuiandika. Aliniuliza mara moja tu kama imefika, nikamwambia imefika. Hilo lilikuwa kweli, na ndilo lililonifanya nione haya zaidi. Nilikuwa naamka nikiita jina langu moyoni, kuona kama bado ni langu.

Kisha ikaja siku ya kuhakiki. Makao makuu walishuku kwamba watu wanapanga mawe juu ya mchanga mtupu ili wahesabiwe, basi wakatoa sharti: orodha itasomwa mbele ya kijiji kizima, kila jina litaitwa mara tatu, na mwenye marehemu wake asimame aseme ni wangu. Lisilo na mwenyewe linakatwa kwa kalamu nyekundu. Nililijua sharti hilo asubuhi ileile, kwenye boti, tukivuka kwenda Msangani. Nilimwambia Dade nataka kurudi, naumwa. Alidhani ni mawimbi, akanipa ndimu ninuse.

Walikuwa wamefunga turubai kwenye uwanja wa mpira. Wanaume upande mmoja, wanawake upande mwingine, na kati yao meza yetu: bwana wa kusini na karatasi, Dade na kalamu nyekundu, mimi wa kutafsiri. Bi Zaituni alikuwa ameomba ruhusa kazini; nikamwona amekaa safu ya tatu, kajifunga kapulana mpya kama kanga, mikono mapajani. Hakuwa na wasiwasi hata kidogo, kwa sababu mimi nilimwambia imefika. Nilitaka kwenda kumnong'oneza, lakini yule bwana akaanza, na alisoma upesi, na kila akisoma watu walisimama. Baba yangu. Mke wangu. Bibi yetu sote hapa. Wengine walilia. Ilikwenda vizuri mpaka ukurasa wa mwisho, waliko wale wadogo.

Akaita Rehema. Watu wakatazamana. Akaita tena, akaita tena. Upepo unapiga turubai, hakuna aliyesimama. Walikuwepo akina Rehema kijijini, hai, wamekaa, na nilimwona mmoja akishika mkono wa mwenzake. Dade akakata kwa kalamu nyekundu. Akaita Zubeda mara tatu. Dade akakata. Anifa. Akakata. Minong'ono ikaanza upande wa wanawake, na mzee mchimba makaburi akawa anatikisa kichwa, anasema hawa hatuwajui, hawa si wa hapa. Nilikuwa nimewafikisha, wamefika kweli, na sasa wanakufa mbele yangu kwa kuwa nimewafikisha kwa majina ambayo mama zao hawawezi kuyaitikia. Nilijua inanipasa nisimame niseme, na nilijua nikisema yule bwana atafuta ukurasa wote, akisema ni uongo wa ofisi. Majina kumi yakakatwa hivyo, moja baada ya jingine, na mimi nimekaa.

"Sakina," akasema.

Nilimtazama Bi Zaituni. Alikuwa anangoja, kwa utulivu uleule, aitwe mtu wake ambaye hana jina.

"Sakina."

Jua lilikuwa utosini.

"Sakina."

"Bee," nikaitika.

Hapa nataka kusema kweli. Watu wengi nimewasimulia kwamba nilifanya makusudi, nilijitoa mhanga. Sikufanya makusudi. Nimelelewa kuitikia niitwapo, na jina langu liliitwa mara tatu, na mdomo ukafunguka. Na sauti iliyotoka ilikuwa ndogo mno, ya juu, nami mwenyewe niligeuka kutazama nani kaitika. Uwanja mzima uligeuka. Mtu wa wafu ameitwa, na kuna aliyejibu. Mwanamke mmoja akasoma shahada. Yule bwana, asiyejua Kiswahili wala jina langu la nyumbani, maana kwenye karatasi za ofisi ninaitwa kwa jina la baba, akauliza kuna nini, nani kajibu, ni la nani hili? Dade alinitazama. Alianza kuelewa, niliona uso wake unavyobadilika, na kalamu ilikuwa tayari juu ya karatasi.

Bi Zaituni akasimama. Alijifunga kapulana vizuri kwanza, hakuwa na haraka.

"Huyo ni wangu," akasema. "Kaburi lake lina bakuli la buluu kichwani. Ameitwa, ameitika, sote tumesikia. Andikeni."

Dade akaweka alama. Kisha mwanamke wa safu ya nyuma, mzee kuliko Bi Zaituni, akainuka kwa kujikongoja akasema yule wa kwanza, Rehema, mrudieni, alikuwa hajasikia vizuri, ni wake, yuko chini ya mkorosho. Mwingine akasema Zubeda ni wake. Mwingine Anifa. Walisimama mmoja mmoja, bila kubishana, kila mmoja akachukua jina kama mtu anavyopokea mtoto wa kushikiwa. Nilitafsiri kwamba kina mama hawa masikio yao ni mazito. Bwana wa kusini alikunja uso, akatazama saa yake, akasema zifutwe zile nyekundu. Zote kumi na moja zikabaki. Makaburi yale yalihamishwa kabla ya mvua, na tingatinga halikumgusa hata mmoja.

Wale wasichana wa bweni vita vilipokuja viliwatawanya, wengine wako hapa Mtwara, wengine Nampula, na wengine sijui. Huwa siulizi. Nikikutana na mtu wa Mocímboa namuuliza habari zote za mjini isipokuwa hizo, na kuhesabu sijawahi kuhesabu.

Tuliporudi Palma siku ya pili yake nilikwenda jikoni kabla ya kufungua chumba cha mashine. Bi Zaituni alikuwa anachambua mchele. Nilipiga magoti, nikamweleza kila kitu: pale palipokuwa patupu, mara tano, foleni ya pembeni, vitanda vya bweni, na kwamba wiki mbili nimekula chakula chake huku nikimficha. Nikamwomba radhi kwa kumpa mwanawe jina bila ruhusa. Alisikiliza mpaka mwisho. Aliokota jiwe kwenye mchele, akalitupa nje.

"Alikuwa wa kiume," akasema.

Nikasema haraka haraka kwamba hilo linatengenezeka, Abílio anarudi wiki ijayo, tutamwomba aifungue rekodi, tuandike jina la kiume, lolote atakalo yeye, itapelekwa upya siku hiyohiyo.

Aliushika mkono wangu, akaukaza.

"Usimguse," akasema. "Miaka thelathini anabisha. Ameshafunguliwa mlango, mwache aingie na jina alilokuta."